Mstari Wangu Ni wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Yote mawili yamechelewa.

Ndani ya kabati hili tumo watatu: mimi Birika, Kijiko, na dada yetu Kikombe. Katikati kuna kimeza cha mbao, lakini hicho hakihesabiki, maana hakisemi wala hakisikii. Mlango umetiwa komeo kwa nje. Mwanga tunaupata kwenye ufa mmoja unaotuonyesha chumba cha watoto cha Shangazi. Watoto hao hakuwazaa yeye. Wazazi huwaleta asubuhi wakienda kazini na kuja kuwachukua jioni, na wote humwita Shangazi, hata wazazi wenyewe. Sisi tulikuwa vyombo vyake. Alipopata vipya alitusukumia humu, akatia komeo, akasahau. Simlaumu sana, naye ana mambo mengi.

Naandika nyuma ya mlango. Kijiko hunikwangua masizi tumboni, mimi huchovya ncha ya mdomo kwenye masizi hayo nikachora. Herufi nimejifunza kwa kuchungulia ubao wa watoto, na tarehe naijua kwa sababu kila asubuhi huitaja kwa kupayuka.

Niseme mapema kwamba sisi si vyombo vya kawaida. Tumo kwenye wimbo. Nani alitutunga hatujui. Watoto huuimba hivi:

Kikombe juu ya meza,
Kijiko kinacheza,
Birika likafoka,
Kikombe kikadondoka!
Paa!

Mstari wangu ni wa tatu. Umri wote huu nina mstari mmoja, na humo sina la kufanya ila kufoka. Kijiko, ambaye kichwa chake kina nafasi kubwa lakini hakina kitu, amepewa kucheza. Kikombe amepewa wa kwanza na wa mwisho, na wa mwisho ndio huo mnaousikia.

Wakiimba, tunatenda. Hatuombwi, hatuulizwi. Mstari wako ukifika unakubeba popote ulipo na kukuweka unapotakiwa. Kikombe huanguka akawa vipande. Wakianza tena, mstari wa kwanza humkusanya, humuunga na kumrudisha mezani mzima. Kiangazi si taabu, watoto hucheza uani na wimbo huimbwa mara moja moja. Masika ndiyo kazi, kwa sababu hawatoki nje.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Wameimba tangu chai mpaka wazazi walipokuja. Nimefoka mpaka kifuniko kimelegea.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Leo baada ya Kikombe kuungwa, kipande kimoja kilibaki sakafuni. Kidogo tu, punje. Tulingoja kipande kirudi kwa mwenyewe, hakikurudi. Kijiko alikiokota akakificha nyuma ya mguu wa kimeza.

"Mpe mwenyewe," nikamwambia.

"Nimpe akifanye nini, mzee? Ajishone?"

Kikombe alitusikia. Ana mstari wa buluu unaomzunguka shingoni, na sasa mstari huo una pengo. "Mnanong'ona nini huko?" akauliza. Tukamwambia hakuna kitu. Akasema, "Basi nong'oneni vizuri, maana nasikia kila neno."

Jumatatu, 17 Machi

Kuna jicho kwenye ufa.

Ni la mtoto mmoja wanayemwita Kimya. Jina kapewa na wenzake, na kwa kweli limemkaa. Tangu aje hajasema neno humu ndani. Watoto wakiimba yeye huja kukaa sakafuni kwenye kona yetu, anageuza shingo, anatukodolea macho. Wakifika kwenye "paa" anafumba macho kwa nguvu. Mimi sipendi kutazamwa nikifoka. Mdomo wangu ni mrefu na nikifoka naonekana mjinga. Nilimwelekezea mgongo, lakini mstari ulipofika ukanigeuza.

Mtoto mzito huyo. Simtaki.

Jumatano, 19 Machi

Tumejaribu mambo mawili. Kwanza Kijiko alimfunga Kikombe kwenye kimeza kwa uzi wa pazia, akamzungusha mara nyingi mpaka akafanana na mgonjwa. Watoto wakaimba. Uzi ukakatika wenyewe kama vile haukuwapo.

Pili mimi niliziba mdomo kwa kitambaa nisifoke. Niliwaza kwamba nisipofoka huenda asianguke. Kitambaa kiliruka kikampiga Kijiko, nikafoka vilevile, Kikombe akaanguka vilevile. Kijiko akacheka mpaka akalala chini. Nilimwambia hana haya. Akasema haya angeiweka wapi, hana hata mfuko.

Kikombe hakucheka. Alipoungwa alituuliza kama tumemaliza utundu wetu.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Paa. Mvua. Paa.

Jumanne, 1 Aprili

Nina mengi ya kueleza, na shingo inaniuma.

Alhamisi iliyopita jioni watoto walikuwa wameshachukuliwa, akabaki mmoja wanayemwita Spika kwa sababu ya sauti yake. Mvua ilikuwa kubwa. Spika akawa anaimba peke yake akimngoja mama yake, na anaimba kama anauza kitu. Akafika kwenye mstari wangu. Nikabebwa, nikafungua mdomo, nikafoka. Hapo hapo mama yake akaingia na mwavuli uliopinduka: "Haya twende, haraka, barabara inajaa maji!" Akamshika mkono, wakaondoka.

Wimbo ukakatikia hapo, na sisi tukaganda.

Sijui nieleze vipi ili mtu aelewe. Mdomo wangu uko wazi na sifungi. Kijiko yuko mguu mmoja juu, ametabasamu, na hawezi kuacha kutabasamu. Kikombe yuko juu ya meza, mzima, ananitazama, na mimi nimemfokea usoni na siwezi kunyamaza. Tunaona, tunasikia, lakini hatuwezi kutikisa hata kifuniko.

Nikajipa moyo kwamba asubuhi watoto wataimba, tutafunguka. Ijumaa wakaimba. Hatukutikisika. Wakaimba tena, wote, na Shangazi akipiga makofi. Hakuna. Spika hakuwepo, nilimsikia Shangazi akisema amelala na homa. Ikapita Jumamosi, ikapita Jumapili, nyumba tupu, mvua juu ya bati, na mimi nimefoka tu. Jana pia wameimba, na kwetu ni kama wanaimba kijiji kingine.

Leo Spika amerudi na makamasi yake. Alipoingia tu akaendelea pale alipoachia, maana mtoto hasahau deni la wimbo: "Kikombe kikadondoka! Paa!" Hapo ndipo tulipofunguka, na Kikombe akavunjika.

Kwa hiyo sasa tunajua. Aliyeuanza ndiye anayeumaliza. Akikatisha, wengine wote wakiimba hawatugusi, mpaka yeye arudi.

Nimemwambia Kijiko kwamba nisingependa kupitia tena siku zile, hata kwa kupewa mstari wa pili. Kijiko amesema hata yeye, makalio yake yamekufa ganzi. Nikamwambia hana makalio. Akasema ndiyo maana.

Baadaye, alipoungwa, tulimuuliza Kikombe naye alionaje. "Nilipumzika," akasema. "Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini."

Alhamisi, 3 Aprili

Spika kapona kabisa, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 11 Aprili

Kikombe amerudi bila mkono.

Ilikuwa saa ya watoto kunawa, wanaimba kwa kuzunguka chumba. Akaanguka, vipande vikaruka, na walipoanza upya vikakusanyika vyote isipokuwa mkono. Ulibaki sakafuni umejikunja. Watoto wakaimba tena na tena, na kila tuliposema sasa utarudi, haukurudi. Jioni nyumba ilipotulia nikamsogelea. Nilitaka kusema neno la maana, lakini sina mazoea.

"Unaendeleaje, dada?"

"Vizuri." Akamtazama Kijiko, aliyekuwa anatapatapa kujaribu kuubandika mkono kwa nta ya mshumaa. "Na huyu ni nani?"

Kijiko akadhani ni utani. Akapiga saluti. "Mimi ni mfalme wa sukari, bibie."

Haukuwa utani. Alikuwa amemsahau. Tulikaa naye, tukamweleza huyu ni Kijiko, anacheza, hana akili, ni ndugu yetu. Akakubali kwa adabu, kama mtu anavyokubali kutambulishwa kwa mgeni. Kijiko aliendelea kumchekesha mpaka giza likaingia. Halafu akaenda nyuma ya mguu wa kimeza, kule anakoweka vile vipande, akakaa huko. Nilimsikia analia. Kijiko nimemjua muda wote huu nikamwona ni debe tupu. Nilikosea, na sioni haya kuiandika hapa.

Naogopa. Sijui kitakachomtoka mara nyingine ni nini.

Jumatano, 16 Aprili

Leo Shangazi alimwita baba yake Kimya ndani. Kawaida haingii. Ni dereva wa lori. Husimama barabarani akapiga honi, na Shangazi humpeleka mtoto na mwavuli. Leo mtoto alishawekwa kwenye lori, na baba akasimama mlangoni na viatu vyenye matope mkononi, hataki kuchafua sakafu.

"Baba Kimya, nisamehe kukuita hivyo, ndivyo watoto wanavyomwita," Shangazi akasema. "Mtoto wako hajawahi kufungua mdomo humu ndani. Hata salamu."

"Nani? Yule?" Baba akacheka. "Shangazi, nyumbani anaongea mpaka namwambia apumzike ameze mate. Anaimba, ananikosoa ninavyoendesha."

"Mbele yako. Hapa hapana."

"Labda anaona haya."

"Labda. Lakini siku ya kufunga muhula, tarehe kumi na sita mwezi ujao, Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi anakuja. Kila mtoto atasimama aimbe wimbo wake peke yake, toka mwanzo mpaka mwisho. Anayeweza, anamchukua darasa la kwanza. Asiyeweza anarudi kwangu mwaka mzima na wadogo. Mimi simfukuzi, lakini ameshakua. Anakaa na wanaonyonya vidole."

Baba akahamishia viatu mkono wa pili. "Umempa wimbo gani?"

"Ule mwepesi kuliko zote. Wa Kikombe."

Nikamwangalia Kijiko, Kijiko akaniangalia.

"Siku hiyo nitaingia," baba akasema. "Hata tajiri akinifukuza kazi. Nitakaa mbele kabisa, ataimba."

Jumanne, 22 Aprili

Kimya amesema nasi. Shangazi alikuwa jikoni na wengine walikuwa wamelala mchana. Nikaona jicho, halafu mdomo, halafu mnong'ono.

"Kikombe anaumia?"

Nilitaka kujitia hamnazo. Sisi hatusemi na watoto. Ni kawaida yetu tangu zamani. Lakini Kikombe mwenyewe akajibu, "Kidogo tu, mwanangu."

"Nilimwambia Shangazi kwa kidole. Nilimwonyesha kabati. Akanipa kikombe cha plastiki."

"Kwa nini huimbi na wenzako?" nikamuuliza, kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Mdomo wangu ndivyo ulivyoumbwa.

"Sitaki kumwangusha."

Kumbe hiyo ndiyo haya yake. Muda wote watu wanamtafutia dawa na wengine wanamcheka, na yeye anafunga mdomo kwa ajili ya kikombe kibovu kabatini. Niliwahi kuandika hapa kwamba simtaki. Nimejaribu kupafuta, masizi hayatoki.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Kikombe amenisahau mimi asubuhi, akanikumbuka mchana.

Ijumaa, 2 Mei

Ana ufa sasa kutoka mdomoni hadi chini. Ukimgonga hatoi mlio wa kikombe, anatoa mlio wa kigae. Amesema mwenyewe, bila kulia, "Jamani, mimi sina safari ndefu." Kijiko alitaka kusema mzaha, akafungua mdomo, ukakosekana.

Kila siku Shangazi anawapitisha watoto mazoezi ya siku ya kufunga. Ikifika zamu ya Kimya, Kimya anasimama, anaangalia sakafu. Shangazi anamwimbia ili kumsaidia. Anamwimbia mpaka mwisho.

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimegombana na Kijiko, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa na maana.

"Mzee," akasema, "siku zile Spika alipougua, Kikombe alivunjika?"

"Hakuvunjika."

"Alipata ufa?"

"Hakupata."

"Basi Kimya auanze asiumalize. Akauke nao. Watoto wote wa dunia waimbe mpaka wapasuke, sisi hatuguswi. Aliyeuanza ndiye anayeumaliza, na yeye asiumalize kamwe."

Mimi nilikuwa nimeshaliwaza hilo tangu Aprili. Nililiwaza nikalisukuma mbali, sikuliandika hata hapa. Nikamfokea Kijiko, na safari hii hakuna aliyekuwa anaimba. Nikamwambia amesahau tulivyokuwa. Wewe utaganda unacheza, nikasema, utakuwa umechoka lakini utakuwa unacheza. Mimi nitaganda nimemfokea. Si siku nne. Siku zote, mdomo wazi, usoni kwake, na sitapata hata nafasi ya kumwambia kwamba simaanishi. Huko si kumwokoa, ni kumfungia na mtu anayemgombeza.

Aliyenijibu ni Kikombe, ambaye tulidhani amelala.

"Kaka, wewe unadhani ninasikia ugomvi?"

"Unasikia nini?"

"Nikianguka kila kitu kinazimika. Nikirudi sijui mimi ni nani, sijui hapa ni wapi. Yule anacheza, namtazama tu. Halafu wewe unafoka, na mimi nasema, aa, Birika yupo. Basi nipo nyumbani. Sijawahi kukusikia ukinigombeza."

Nilikwenda kusimama kwenye kona yangu, na nadhani nilivuja kidogo.

Alhamisi, 8 Mei

Tumemweleza Kimya. Kikombe hakutaka. Alisema mtoto asibebeshwe mzigo wa vyombo. Kijiko akasema basi tumuulize mwenye mabega.

Mimi ndiye niliyemweleza, na sikumficha kitu. Nilimwambia, ukiuanza na kuukatisha baada ya mstari wangu, Kikombe atabaki mzima. Lakini usije ukaumalizia, si kesho, si ukiwa mkubwa, si unapofua, si unapombembeleza mwanao alale. Na siku ya kufunga, mbele ya Mwalimu Mkuu na baba yako, utakuwa umeshindwa wimbo mwepesi kuliko zote. Watakurudisha kwa wadogo mwaka mzima.

Akafikiri. Kufikiri kwa mtoto kunaonekana hata kupitia ufa. "Na nyie mtasema na mimi?"

"Hapana. Tutakuona, lakini hatutaweza kusema."

"Hata Kijiko?"

"Hata mimi," Kijiko akasema. "Utapumzika."

Akataka aanze hapo hapo. Akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Alinong'ona mistari mitatu ya kwanza na sisi hatukutikisika. Wimbo wa kunong'onezwa hautubebi, unataka sauti. Akajaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuna. Akaanza kulia, nako kulia bila sauti.

"Nyumbani inatoka," akasema. "Baba akiwepo inatoka."

Lakini wimbo hautushiki usipoanziwa humu ndani tukausikia, na baba yake ataingia siku moja tu.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imepungua, lakini mazoezi yameongezeka. Kikombe amerudi bila kitako cha upande mmoja. Anasimama kwa kuegemea. Nimemuomba asichoke kabla ya Ijumaa. Akauliza Ijumaa kuna nini.

Jumatano, 14 Mei

Hakunikumbuka siku nzima. Nilijitambulisha mara nyingi. Kila mara alisema amefurahi kunifahamu.

Alhamisi, 15 Mei

Zoezi la mwisho lilikuwa jioni hii. Spika alianzisha wimbo wa Kikombe ingawa si wake, wote wakamfuata. Aliumaliza, naushukuru mdomo wake kwa hilo.

Kikombe yuko sakafuni. Si vipande tena, ni vigae na vumbi. Hakuna aliyeuanza upya wimbo, wameenda nyumbani. Hatujui mstari wa kwanza ukiimbwa kesho kama utapata cha kuunga. Kijiko ametoa vile vipande vyote alivyoweka nyuma ya mguu wa kimeza, punje, mkono, kitako, akaviweka karibu naye, endapo vitahitajika. Amevipanga vizuri kuliko nilivyodhani anaweza kupanga kitu.

Nimemwambia Kijiko kwamba yeye ni ndugu mzuri. Akasema, "Mzee, unaumwa?"

Ijumaa, 16 Mei

Jua limetoka. Shangazi amepanga viti tangu asubuhi. Wazazi wamejaa, wanajipepea. Mwalimu Mkuu amekaa kando na kalamu yake, mama mnene mwenye miwani, uso wake si mbaya. Baba yake Kimya amekaa mbele kabisa kama alivyosema. Ameingia na viatu safari hii, vipya, vinambana, naona anavyokunja vidole.

Kabla watu hawajaingia Kimya alikuja kwenye ufa. Akaona sakafu.

"Amekufa?"

"Hatujui," nikasema. "Wewe imba, tutajua."

"Mtaumia?"

"Tutachoka tu." Halafu nikamuuliza kama ana hakika, maana bado anaweza kuuimba wote, apigiwe makofi, akavae sare ya shule na wenzake. Nilimuuliza kwa moyo mmoja. Ningemwelewa.

"Baba kaninunulia begi," akasema. "La darasa la kwanza. Nitaliweka."

Sasa wanaimba mmoja mmoja. Spika ameshamaliza wake na watu wameziba masikio huku wakicheka. Mapacha wameimba wa kwao, mmoja kasahau, mwenzake kaimbia wote wawili. Naandika haraka. Mstari wangu ni wa tatu, kwa hiyo mpaka ufike nina nafasi ya kuandika. Mara hii namshukuru aliyetutunga.

Shangazi amemwita Kimya. Amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma. Chumba kizima kimetulia, wengine wanaangalia pembeni wasimwone akishindwa. Shangazi amefungua mdomo ili amsaidie. Baba amenyoosha mkono, amemzuia. "Imba, mama," anamwambia mtoto. "Hata kidogo tu."

Imetoka. Sauti imetoka, nyembamba lakini safi, sijawahi kusikia nyingine kama hiyo humu. Kikombe juu ya meza. Vumbi linasogea. Vigae vinasogea. Mkono umenyanyuka kutoka kwa Kijiko, na kitako, na ile punje ya kwanza kabisa. Vinakwenda vyote. Yuko mezani. Ana nyufa kila mahali lakini ni yeye, mstari wa buluu umekutana.

Shangazi anajifuta macho kwa kanga. Mtoto anaimba polepole, anapumzika kila mstari. Kijiko kinacheza. Kijiko amenikonyeza, ameondoka, anacheza vizuri leo, hajawahi kucheza hivi. Kikombe ananitazama na hanijui bado. Atanijua sasa hivi nikifoka.

Baba ameshaanza kuinua mikono apige makofi. Watu wote wanainama mbele kumngoja mtoto amalize, wengine wanamtamkia maneno kwa midomo. Atayaona yote hayo, naye ni mdogo, na begi liko nyumbani.

Mtu akifungua mlango huu akakuta nimeandika tarehe nyingine chini ya hii ya leo, ajue wimbo ulimalizika na Kikombe hayupo.

Anavuta pumzi. Mstari wangu huo.

Usimalize, mwanangu.